Shali Nyeupe ya Zaituni

Mimi ndiye niliyeiharibu shali ya Zaituni. Naliandika jambo hili kwanza kabisa ili nisipate nafasi ya kulikwepa, maana nimekuwa nikilikwepa tangu nikiwa na umri wa miaka kumi na mmoja, na kwa muda wote huo nimekuwa hodari wa kukwepa. Nilikana mbele ya Mama Rehema, aliyenifundisha kufuma. Nilikana mbele ya mama yangu mzazi. Nilikana chuo kikuu, pale mwenzangu wa chumbani aliponiuliza kwa nini nabeba kibiriti kila niendapo kununua sweta. Miaka michache iliyopita nilikana hata mbele ya padri, ambaye hakuwa ameniuliza chochote; katikati ya mazungumzo ya mambo mengine nilimwambia kwamba utotoni niliwahi kuona mtu akisingiziwa. Niliona, ndivyo nilivyosema, kama mpita njia. Padri akatikisa kichwa kwa huruma, akaniambia kwamba nina moyo mwepesi wa kuguswa na mateso ya wengine, nami nikaipokea sifa hiyo na kwenda nayo nyumbani.

Kibiriti kina sababu yake. Kumbukumbu zangu zote za likizo niliyoshinda kwa Mama Rehema huanza na harufu ya nywele zinazoungua. Mama Rehema alikuwa mjane wa ukoo wa wafanyabiashara Waislamu wa mjini Gisenyi, mpakani na Goma, na nyumba yake ilikuwa mtaa wa Mbugangari, nyuma ya mstari wa vibanda vya nguo. Siku marobota ya mitumba, ambayo kwetu huitwa chagua, yalipofunguliwa sokoni, yeye alikuwa wa kwanza kuinama. Wengine walitafuta sweta za kuvaa; yeye alitafuta sweta za kufumua. Aliigeuza sweta ndani nje, akapitisha kidole gumba kwenye mshono wa ubavuni. Ile iliyofumwa kipande kimoja kimoja kisha vipande vikaunganishwa, aliichukua. Ile iliyokatwa kwa mkasi kutoka kitambaa kikubwa na kufungwa kwa cherehani, aliirudisha, kwa sababu ukiifumua unabaki na nyuzi fupifupi zisizofaa hata kufunga miguu ya kuku. Nyumbani alikata kipande cha uzi na kukiwasha moto. Uzi wa plastiki, ambao ndio tuliopata karibu kila mara, uliyeyuka na kudondosha tone jeusi lenye kunata. Sufu ya kondoo haikuyeyuka. Iliungua polepole, ikazimika yenyewe, ikaacha jivu la kusagika vidoleni na harufu kama ya mtu aliyeinamia mshumaa. Likizo nzima niliisikia harufu hiyo mara mbili tu. Mara ya kwanza ilikuwa sweta nyeupe ya mwanamume, kubwa kama pazia, na ndiyo iliyokuja kuwa shali.

Nilipelekwa kwa Mama Rehema kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kuwekwa. Tulikuwa tumerudi kutoka Goma mwaka uliotangulia, mama, bibi na mimi, tukapata nyumba mtaa wa Nengo, nyumba yenye vyumba vizuri ambavyo karibu havikuwa na kitu ndani. Mama alipata kazi ya ofisini. Likizo ndefu ya kiangazi ilipofika, bibi hakuweza kunikimbiza mjini kutwa nzima kwa yale magoti yake, wala mama hakutaka nishinde barabarani karibu na mpaka, katika miaka ambayo watu wazima walinyamaza ghafla mtoto anapoingia chumbani. Ikatokea kwamba ofisi ya mama ndiyo iliyokuwa ikiagiza sweta za wanafunzi wa Mudende, kule juu kwenye viazi na ng'ombe, ambako hata katikati ya kiangazi asubuhi unaiona pumzi yako. Mama Rehema alipewa kazi ya kuzifuma sweta hizo, na mimi, naona sasa, nilikwenda pamoja na kazi hiyo. Hakuna aliyelisema hivyo. Mama alisema tu kwamba ingefaa mtoto ajifunze kazi ya mikono, na Mama Rehema akajibu, "Akuje, madamu. Nafasi iko." Tangu siku ile aliniita mutoto wa biro, yaani mtoto wa ofisini, na sikujua kama ananiheshimu au ananicheka. Nafikiri alikuwa akifanya yote mawili.

Tulikuwa wasichana wanne kwenye mkeka uani, tukifuma kwa spoki za baiskeli zilizonolewa jiweni. Kila sweta ya shule iligawanywa: mmoja alifuma mgongo, mwingine kifua, wawili mikono. Kugawana huko kulikuwa na hatari yake, kwa kuwa kila mfumaji ana namna yake ya kuvuta uzi, na sweta iliyofumwa na watu wanne wenye mivuto minne humwelemea mvaaji upande mmoja kama mtu anayesikiliza ukutani. Mama Rehema alishinda akitukagua kwa kidole. Mimi nilivuta mno. Vitanzi vyangu vilibana sindano hadi vikalia kama mlango. "We unakaza kama uzi itakukimbia," aliniambia. "Uzi haikimbie, mutoto wa biro. Itaenda wapi?" Baada ya wiki mbili niliondolewa kwenye sweta nikapewa soksi za watoto wachanga, kwa hoja kwamba mtoto mchanga hatembei na hawezi kulalamika. Nilifuma soksi ya kwanza kwa siku nne. Mama Rehema aliishika, akaitazama mbele na nyuma, akatia mkono ndani.

"Hii ni soksi ao ni mufuko ya sukari?"

"Ni soksi, mama."

"Ya mutu hana kisigino," akasema Zaituni bila kuinua macho kwenye kazi yake, na mkeka mzima ukacheka, mimi pia, ingawa mimi nilicheka nikiwa na machozi puani.

Zaituni alikuwa na miaka kumi na mitatu. Alikuwa mtoto wa kaka yake Mama Rehema. Wazazi wake hawakuwapo tena, na katika miaka ile hakuna aliyeuliza kwa nini. Alikuwa mwembamba, mwenye vidole virefu vilivyopinda kidogo mwishoni, na alifuma akitazama mahali pengine, mlima, ukuta, kuku, kana kwamba sindano hazimhusu. Alikuwa akijibizana na shangazi yake kwa namna ambayo mimi nisingethubutu kujibizana na mama yangu. Pia alikuwa mkarimu, jambo ambalo ningependa kulisahau. Nilipoangusha kitanzi kikafumuka hadi mistari sita chini, alinyoosha mkono bila kusema neno, akakipandisha kitanzi kwa ncha ya spoki, mstari baada ya mstari, akanirudishia kazi yangu kabla Mama Rehema hajageuka. Alifanya hivyo mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Kama nilijifunza chochote kiangazi kile, nilijifunza kwa kutazama ncha ya spoki yake.

Katikati ya likizo alikuja mwanamke mmoja wa Goma mwenye karakana ya kufumia kwa mashine. Alikuwa akitafuta msichana mmoja wa kumchukua, wa kulala na kula kwake, ajifunze mashine na baadaye alipwe. Aliwatazama wasichana wakifuma sweta, akasema sweta kila mtu anaweza; yeye anataka kuona lesi. Angerudi Alhamisi ya mwisho ya likizo. Aliyekuwa na lesi ya kuonyesha aonyeshe. Mwanamke yule alipoondoka, Mama Rehema aliingia ndani akatoka na ile sweta nyeupe ya sufu aliyokuwa ameificha, akaitupa mapajani mwa Zaituni. "Fumua," akasema. "Na hii hautacheza nayo." Ilikuwa wazi kwetu sote kwamba hapo ndipo maisha ya Zaituni yangeamuliwa. Mama Rehema hakuwa na uwezo wa kumrudisha shule. Ama ni karakana, ama ni mkeka ule uani mpaka atakapotokea mtu wa kumwoa.

Wasiofuma hudhani lesi ni kazi ya uzi. Ni kazi ya matundu. Unauzungusha uzi kwenye sindano ili kupata tundu, kisha unaunganisha vitanzi viwili mahali pengine ili hesabu isizidi, na ukisahau kimoja kati ya hivyo viwili huoni kosa lolote mpaka mistari mitano mbele, pale jani linapoanza kuota upande usio wake. Zaituni alifuma mchoro wa majani ya muhogo, vidole saba kwa kila jani, ambao aliubuni kwa kulitazama jani lenyewe alilolitandaza kwenye goti. Kila baada ya mistari kumi alipitisha uzi mwekundu katika vitanzi vyote, ili akikosea afumue hadi pale tu na si hadi mwanzo. Kazi ya sweta za shule aliimaliza mchana kama sisi wengine. Shali aliifuma asubuhi kabla hatujafika na jioni tulipokuwa tukiondoka. Aliifuma kwa wiki tano. Nilihesabu majani siku ya mwisho: arobaini na mawili.

Ilipotoka sindanoni ilikuwa mbaya. Lesi yoyote ya kufuma huwa hivyo, inajikunja na kusinyaa kama kitambaa kilichotafunwa na ng'ombe, na matundu yote yanafumba. Lazima ioshwe, ivutwe ingali mbichi na kubanwa kwa pini pande zote juu ya godoro mpaka ikauke. Ndipo majani yanafunguka. Ilikuwa Jumamosi. Mama Rehema alisema ataiosha mwenyewe Jumatatu, kwa kuwa alikuwa anakwenda kwenye msiba wa jamaa na asingerudi kabla ya Jumapili jioni. Zaituni alisema siku mbili ni nyingi. Shangazi yake akamjibu kwamba aliyengoja wiki tano ataweza kungoja siku mbili, akaitia shali kwenye mfuko wa karatasi, na mfuko akauweka ndani ya kikapu chini ya kitanda. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na nikaona.

Nimejaribu kwa miaka kujieleza kwamba ulikuwa wivu. Wivu una hadhi fulani; watu wakubwa wameua kwa wivu. Lakini haukuwa wivu. Nilitaka kusifiwa. Nilikuwa mtu wa soksi zisizo na visigino, na katika kiangazi kizima kulikuwa na kazi moja tu niliyokuwa nimesifiwa, nayo ni kufua. Sweta za shule zilipokamilika mimi ndiye niliyeziosha katika beseni la maji ya moto yenye sabuni, na Mama Rehema aliwahi kuinusa moja na kusema, "Hapo sawa. Mutoto wa biro anajua kufua." Niliichukua sifa hiyo kama cheti. Na kila Jumapili baada ya misa nilikwenda na bibi kwenye maji moto, ile chemchemi ya kando ya ziwa kusini mwa mji, ambako wazee huzamisha viungo vinavyouma na wanawake huchemsha viazi vitamu ndani ya mfuko wa wavu. Bibi aliamini kwamba maji yale yanaponya kila kitu kinachouma. Nami nikafikiri, kwa akili ambayo baadaye ilipewa shahada ya chuo kikuu, kwamba maji yanayolainisha magoti ya bibi yatalainisha na majani arobaini na mawili. Jumamosi ile, Zaituni alipokwenda kuchota maji, niliutoa ule mfuko kikapuni nikautia chini ya blauzi yangu. Jumatatu asubuhi ningeurudisha, shali ikiwa nyeupe na iliyofunguka, na wote wangeuliza ni nani aliyefanya kazi nzuri namna hii.

Kosa langu halikuwa la mtoto mjinga, na hilo ndilo linaloniudhi. Lilikuwa kosa la mtoto aliyejifunza vizuri kutokana na kile alichokuwa nacho. Sweta zote nilizofua zilikuwa za plastiki, na plastiki hustahimili maji ya moto. Sufu ya kondoo haikuwa imewahi kupita mikononi mwangu. Bibi alikaa kwenye jiwe lake, sketi ameikunja magotini, akiongea na mwanamke mwenye viazi. Mimi nilikwenda upande wa pili, pale maji yanapobubujika yakiwa ya moto zaidi, nikaishika shali kwa ncha nikaichovya, nikaipaka sabuni, nikaisugua kama nilivyozoea kusugua kola. Mwanzoni ilifurahisha, ilijaa povu, ikawa nzito na laini. Kisha ikaanza kukaza. Niliihisi ikikaza mikononi, kama kiumbe anayejikunyata. Niliitoa, nikaivuta, haikuvutika. Nilitafuta tundu la kupitisha kidole na sikuona tundu. Vitanzi vilikuwa vimeshikana na kuwa kitu kimoja, kinene, kigumu, na kile kilichokuwa kinatosha kuyafunika mabega ya mtu mzima sasa kilikuwa na ukubwa wa taulo la uso. Bibi aliniita twende. Nilikikamua, nikakirudisha chini ya blauzi kikiwa bado moto, na njia nzima ya kurudi mjini nilihisi ngozi ya tumbo langu ikiungua, nikasema moyoni kwamba hiyo ndiyo adhabu na kwamba inatosha.

Jumatatu nilifika mapema, nikakirudisha kitu kile kikapuni Mama Rehema alipokuwa akisali. Tulipokwisha kukaa sote mkekani alikileta nje. Alikishika kwa vidole viwili.

"Hii ni nini?"

Alikipitisha mbele ya kila mmoja wetu.

"Nauliza tena. Hii ni nini, na shali iko wapi?"

Zaituni alikichukua mkononi mwake, akakigeuza, akakipapasa ukingoni mpaka akapata mahali ambapo bado palionekana umbo la jani. "Ni yenyewe," akasema. Sauti yake haikupanda wala kushuka.

"Uliifua na maji ya moto."

"Sikuifua, shangazi."

"We ndiye ulijua mahali iko. We ndiye ulikuwa na haraka. Ulisema hapa mbele ya hawa watoto, siku mbili ni mingi."

"Nilisema. Lakini sikuifua."

Mama Rehema alitugeukia sisi wengine mmoja mmoja. Nilikuwa wa mwisho. "Feza. We uligusa hii kitu?"

"Hapana, mama."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Hapana ya kwanza ilinitoka yenyewe, kama kikohozi. Ile ya pili niliichagua. Zaituni aliniangalia kwa muda wa kufuma kitanzi kimoja, si zaidi, kisha akaangalia mlima. Mama Rehema hakupiga kelele. Alimwambia mpwa wake, polepole, kwamba kuharibu shali ni bahati mbaya ya kila mtu, lakini yeye hawezi kukaa nyumbani na mtu mwongo, na kwamba ingekuwa afadhali angesema. Alirudia neno hilo mwongo mara tatu au nne. Zaituni alichukua mgongo wa sweta ya shule aliokuwa ameuacha, akaendelea kufuma.

Alhamisi mwenye karakana alikuja akamchukua msichana mwingine, ambaye alikuwa amefuma kitambaa kidogo cha meza chenye makosa mawili. Wiki iliyofuata shule zilifunguliwa. Sikurudi Mbugangari. Mama alisifiwa ofisini kwa sweta zilizofika kwa wakati, naye akanisifu mimi, nami, kama ilivyokuwa kawaida yangu, nikapokea. Miaka sita baadaye nilisikia kwamba Zaituni ameolewa Mudende na analima viazi. Nilisema, nakumbuka vizuri, "Vizuri, kule kuna ardhi nzuri."

Mimi nilisoma, nikarudi, naishi tena Nengo, si mbali na ile nyumba ya vyumba vitupu. Nafuma. Nasema hivyo kwa unyenyekevu wa watu wanaotaka kuombwa waonyeshe. Sweta zangu sasa hukaa sawa mabegani, soksi zangu zina visigino ambavyo rafiki zangu wamechoka kuvitazama, na nimefuma shali za lesi kumi na nne kwa sufu iliyotoka mbali, iliyofungwa kwa karatasi yenye maelezo ya namna ya kuifua, ambayo mimi huyasoma kila mara hadi mwisho kama mtu anayesoma hukumu yake. Ninazo sindano za chuma laini, ninayo simu inayonihesabia mistari, ninao wenzangu wa Kigali ambao hunitumia picha za kazi zao na kuniita fundi. Pale mkekani tulikuwa na spoki nane na mtu mmoja aliyejua kweli. Huwa nafuma majani, na majani yangu ni mazuri. Lakini yanatoka vitabuni. Katika miaka yote hii sijawahi kulitandaza jani gotini na kulifuma kwa kulitazama. Nikijaribu kupima kilichopotea, sipimi shali. Shali ilikuwa uzi. Najiuliza yule mtoto angefuma nini akiwa na umri wangu, akiwa na taa nzuri na muda wangu, na hapo ndipo huwa naiweka kazi chini na kwenda kutafuta chai.

Mwezi uliopita nilikuwa sokoni Mbugangari nikigeuza sweta ndani nje, kama nifanyavyo, na mwanamke aliyekuwa akiuza akanitazama kidole gumba na kucheka. Alisema hapo zamani kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa akichagua hivyohivyo. Nikauliza kama bado yupo. Yupo, akasema, lakini miguu imekataa. Amechukuliwa na mpwa wake, yuko Mudende. Akanipa namba ya Zaituni bila mimi kuiomba. Kutoka kwangu hadi Mudende si safari. Pikipiki inakufikisha ndani ya saa moja. Nilichagua simu kwa sababu simu haina uso. Niliandika ukurasa mzima, nikaurekebisha mara nne, nikaondoa vivumishi. Jumanne saa nne asubuhi nikapiga.

"Allo."

Nikasema ni Feza, Feza wa Nengo, ambaye zamani alikuwa akija kwa Mama Rehema wakati wa likizo. Palikuwa na upepo upande wake, na jembe au sufuria iliyowekwa chini.

"Mutoto wa biro," akasema.

Nilimsomea ukurasa wangu. Hakunikatiza. Nilipofika mwisho nilisikia jinsi sentensi ya mwisho ilivyokuwa imepangwa vizuri, nikaona aibu.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Bon. Hiyo mi nilijua tangu siku ile. Ni nani mwingine alikuwa anaendaka na bibi yake ku maji moto kila Jumapili? Nilimuambia shangazi jioni ileile. Alinipiga kofi. Akasema mutoto wa madamu hadanganyake, na mi nataka kumupotezea kazi ya sweta."

Nikasema naomba msamaha. Nikasema najua kwamba Goma ingekuwa maisha mengine.

"Ya Goma iliisha," akasema. "Nilizaa, watoto wamesoma, viazi inatoka. Ya Goma siwazake tena. Iko kitu ingine." Alingoja kidogo, labda akitoka mahali fulani kwenda mahali pengine, kwa maana upepo ulipungua. "Shangazi iko kwangu huu mwaka wa nne. Mi namulisha, mi namuogesha. Chini ya kitanda iko na sanduku yake, ni nguo tu, na anaifunga na kufuli. Ufunguo anavaa ku shingo. Alianza kuvaa ile mwaka ya shali, sababu ya mi. Kila asubuhi, mi napitisha sabuni kandokando ya ile ufunguo."

Niliutazama ukurasa wangu. Hakukuwa na kitu ndani yake cha kunisaidia. Nikasema nitakuja, nitakuja Jumamosi, nikae na Mama Rehema nimweleze vizuri.

"Jumamosi hapana," akasema Zaituni. "Akili yake iko muzima leo. Mi usiniombe kitu. Muambie yeye. Nakupatia."

Nilisikia mlango, kisha sauti yake ikisema, "Shangazi, shika. Ni mutu wa zamani." Kisha pumzi, nzito na ya karibu sana.

"Ni nani?"

"Ni Feza, mama. Ile shali nyeupe niliiharibu mimi. Niliichukua kikapuni nikaifua kwenye maji moto. Uliponiuliza nilikudanganya. Zaituni hakuigusa."

Nilimsikia akipumua, na mbali kidogo mtu akibandua au kubandika chungu. Nilingoja anitukane, nilitaka anitukane. Hakuniambia neno, wakati ule wala baadaye. Alipozungumza simu ilikuwa imeshaondoka sikioni mwake, na hakuwa anazungumza nami.

"Zaituni," akasema. "Kuja unitoe hii kitu ku shingo."